Orodha ya matoleo haitoshi: dhana potofu kuhusu kusimamia hifadhidata za kijiografia

Mteja akinipigia simu kulalamika kwamba hifadhidata yake ya kijiografia imekuwa nzito, swali langu la kwanza ni moja: mchoro wa mti wa hali, yaani unaoonyesha kila badiliko lilivyotokana na lililotangulia, uko wapi? Jibu nalijua kabla halijatoka mdomoni. "Mchoro wa nini? Matoleo yote tunayaona kwenye orodha." Nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara naikuta timu iliyokwisha kutumia miezi kutafuta tatizo mahali ambapo halipo. Kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu. Ninazungumzia matoleo ya jadi, yaani sura tofauti za data ileile ambazo watu huhariri bila kuingiliana, kwenye geodatabase (hifadhidata za kijiografia) za kampuni ya Esri, yanayotumia majedwali ya A (rekodi zilizoongezwa) na D (zilizofutwa), iwe chini yake ni Oracle, SQL Server au PostgreSQL.

Dhana: Orodha ya matoleo inatosha, mchoro ni pambo la ripoti

Hapana. Orodha inakuambia nani alizaliwa na nani. Toleo hili limetolewa kwenye DEFAULT, ambalo ndilo toleo kuu, lile limetolewa kwenye hili. Habari hiyo huandikwa siku toleo linapoundwa. Haisemi lolote kuhusu mahali toleo lilipo leo kwenye mti wa hali, na mti huo ndio unaoamua kama hifadhidata yako itapumua au itakwama.

Kila operesheni ya kuhariri huzaa hali mpya, yenye namba yake na namba ya mzazi wake. Toleo lenyewe ni jina tu linaloelekeza kwenye hali moja. Matoleo mawili yanaweza kukaa jirani kwenye orodha, yote watoto wa DEFAULT, moja likiwa limepatanishwa (limeletewa mabadiliko ya DEFAULT) jana na jingine halijaguswa kwa miaka. Uhusiano wao na DEFAULT unaonyeshwa kwa namna ileile.

Tuchukue mfano wenye namba. DEFAULT inaelekeza kwenye hali ya 5200. Kuna toleo la mradi wa mabomba ya maji linaloelekeza kwenye hali ya 640. Ukifuata ukoo wa 640 kurudi nyuma, unafika hali ya 310, na hapo ndipo njia yake na njia ya DEFAULT zilipoachana. Sasa unabana hifadhidata (compress), yaani unahamishia mabadiliko kwenye majedwali ya msingi na kuondoa hali zisizohitajika. Yanayoweza kuhamishiwa kwenye majedwali ya msingi ni mabadiliko ya hali ambazo matoleo yote yanazirithi, yaani kuanzia 0 hadi 310. Yote yaliyofanyika baada ya 310 upande wa DEFAULT yanabaki kwenye majedwali ya A na D, kwa sababu toleo la mabomba halitakiwi kuyaona. Programu haijakosea. Toleo moja lililosahaulika limezuia kazi ya ofisi nzima.

Na idadi ya hali inaweza kukudanganya hapa. Kubana huunganisha mlolongo wa hali ambazo hakuna toleo linalozishika, kwa hiyo hali zote zilizo kati ya 310 na 5200 zinaweza kugeuka kuwa moja. Msimamizi anafungua SDE_compress_log, jedwali la kumbukumbu za kubana, anaona hali zilikuwa maelfu na sasa zinahesabika kwa vidole, anaamini kazi imekwisha. Lakini rekodi bado zimejaa kwenye A na D. Kila mtu anapofungua ramani, hifadhidata inachukua jedwali la msingi, inatoa yaliyomo D, inaongeza yaliyomo A, tena kwa kuchuja kulingana na ukoo wa hali husika. Uzito mnaoulalamikia uko hapo.

Kwenye mchoro, tatizo hili linaonekana kwa kutupia jicho tu. Kuna shina refu la DEFAULT, na chini kabisa, karibu na mzizi, kitawi kifupi chenye jina la toleo. Huhitaji kuwa mtaalamu kukiona. Nimeona mameneja ambao hawajawahi kuandika mstari wa SQL wakikinyoshea kidole na kuuliza, "Hiki ni cha nani?" Na hilo ndilo swali lenyewe.

Ukishajua ni cha nani, dawa ni kupatanisha toleo hilo na DEFAULT. Likipatanishwa linapata hali mpya, tuseme 5201, iliyo mtoto wa 5200. Kuanzia hapo, yote yaliyo kati ya 0 na 5200 ni urithi wa matoleo yote, na ukibana yanaingia kwenye majedwali ya msingi. Zingatia: si lazima uposti. Wahandisi wengi hukataa kupatanisha wakidhani kazi yao ambayo haijakamilika itamwagika kwenye DEFAULT. Haitamwagika. Kupatanisha kunaleta mabadiliko ya DEFAULT kwenye toleo lao, na kuposti ndiko kunakopeleka ya kwao kwenye DEFAULT. Migongano itakuwepo, na lazima mwenye kazi akae aiamue mmojammoja. Kadiri toleo lilivyokaa muda mrefu ndivyo migongano inavyoweza kuwa mingi, na ndiyo sababu nang'ang'ania mchoro uchorwe kila wiki badala ya kusubiri simu za malalamiko.

Tena kuchora ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Toa safu za state_id na parent_state_id kutoka SDE_states, halafu jina, mmiliki na state_id kutoka SDE_versions (kwenye Oracle majina ya majedwali hayana kiambishi hicho cha SDE_). Kila jozi ya mzazi na mtoto iandike kama mstari mmoja, kwa mfano `310 -> 640;`, uzungushie muundo wa faili la DOT na uipe Graphviz, programu ya bure ya kuchora michoro. Hali zenye mtoto mmoja tu na zisizoshikwa na toleo lolote ziruke, vinginevyo utapata mkufu usiosomeka. Soma tu. Usithubutu kubadilisha kitu kwa mkono kwenye majedwali hayo ya mfumo.

Kuna faida nyingine inayonifanya nisikubali kabisa hoja ya orodha. Mkitumia replika, yaani nakala za data zinazosawazishwa na hifadhidata nyingine, mfumo huunda matoleo yake wenyewe, yenye majina kama yale yanayoanza na SYNC_SEND, na hayo hayaonekani kwenye orodha ya kawaida. Replika isiposawazishwa kwa muda mrefu, matoleo hayo yanabaki yameshikilia hali za zamani na kuzuia kubana, sawasawa na toleo la mabomba. Mchoro uliotolewa kwenye majedwali unayaweka wazi. Dawa yake ni kusawazisha replika, au kuifuta usajili wake ikiwa haitumiki tena. Usiyafute matoleo yenyewe.

Dhana: Tunabana kila usiku, kwa hiyo tuko salama

Kubana kunaweza kurudisha ujumbe wa mafanikio bila kuhamisha chochote cha maana. Sababu ya kwanza nimeshaieleza. Ya pili ni kufuli: mtu au huduma ya ramani iliyoachwa imeunganishwa usiku kucha inaweza kushika hali, na hali iliyofungwa haiunganishwi wala haifutwi, inaachwa pale ilipo. Chora mti kabla ya kubana na baada ya kubana, uweke michoro miwili pamoja. Ikifanana, kazi yenu ya usiku haisaidii kitu.

Dhana: Ni lazima turudi hali ya 0

Hali ya 0 ni mzizi wa mti, mabadiliko yote yakiwa yamehamia kwenye majedwali ya msingi. Kuirudia ni vizuri, lakini si lazima. Kurudi hali ya 0 kunataka matoleo yote yapatanishwe, yapostiwe na yafutwe, na ofisi yenye miradi ya muda mrefu haiwezi kusimamisha kazi kila mwezi kwa ajili hiyo. Mti mfupi wenye matawi yanayochomoza karibu na ncha ya DEFAULT unatosha kabisa.

Hapa mpangilio una umuhimu. Ukipatanisha toleo la kwanza, kisha ukapatanisha na kuposti la pili, DEFAULT inasogea mbele na la kwanza linabaki nyuma. Mimi hupatanisha yote, naposti yaliyokamilika, napatanisha tena yaliyobaki, ndipo nabana.

Dhana: Ukifuta toleo, nafasi inarudi hapohapo

Hairudi. Linalofutwa ni jina. Hali na rekodi zake zinabaki hadi kubana kupite. Na kama mabadiliko hayakupostiwa, baada ya hapo yamepotea, kwa hiyo mwulize mwenyewe kwanza. Toleo lenye watoto halifutiki mpaka watoto washughulikiwe.

Dhana: Tununue seva kubwa zaidi

Ununuzi uje mwisho. Baada ya kubana vizuri, sasisha takwimu za hifadhidata na ujenge upya indeksi, zikiwemo za majedwali ya A, D, hali na koo za hali. Pima tena. Ikiwa bado kuna uzito, hapo tuzungumze mashine.

Dhana: Mchoro huu unahitajika kwa aina zote za matoleo

Hii nayo naisikia kwa waliokwisha kushawishika. Matoleo ya matawi (branch versioning), yaliyokuja mwaka 2018 pamoja na programu za Esri za ArcGIS Pro 2.1 na ArcGIS Enterprise 10.6, hayana mti wa hali wala majedwali ya A na D. Kila badiliko ni rekodi mpya kwenye jedwali lilelile, ikiwa na namba ya tawi na muda, na matoleo yote ni watoto wa DEFAULT moja kwa moja. Hakuna cha kubana. Kwa hiyo kabla ya kuniomba mchoro, angalia kwanza data yako imesajiliwa kwa aina gani. Ikiwa baadhi ya tabaka zako ni za jadi na nyingine za matawi, mti utahusu zile za jadi peke yake.