Je, wajua kwa nini maji ya kila siku huuangusha mti wa kukinga upepo?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mizizi hutafuta maji: juu kukikauka, mzizi hujua maji yaliko na kuyafuata. Basi nilipopanda mstari wa mivinje kulikinga shamba na upepo wa kusi, nililaza mpira wa dripu, tundu moja kwenye kila shina, nikawa nafungua nusu saa kila asubuhi. Miche ilinawiri. Mwaka wa pili, Julai, kadhaa ililala chini. Mizizi yote ilikuwa imejazana kwenye donge la udongo lenye upana wa sufuria.

Kumbe mzizi haujui maji ya mbali. Ncha yake huweza kugeukia unyevu ulio karibu mno, jambo lililopimwa zaidi maabara kuliko shambani, lakini haikati udongo mkavu kuyaendea maji ambayo haijayagusa. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba: majani ya ng'ambo yawe mabichi vipi, hula hadi kamba inapoishia. Kamba ya mzizi ni unyevu, na urefu wake anaupanga mwenye kufungua maji.

Tundu la lita 4 kwa saa hutoa lita 2 kwa nusu saa. Kwa wiki ni lita 14. Zitoe lita hizohizo kwa mkupuo mmoja, saa tatu na nusu, na maji yatazama chini kuliko yalivyowahi kufika, kwa sababu kila tone jipya husukuma lililotangulia. Umbo la unyevu hutegemea udongo: kwenye mchanga hushuka wembamba kama muhogo, kwenye mfinyanzi hutanuka kama boga.

Mche uliotoka kwenye kiriba juzi hauwezi kungoja wiki, hasa kwenye mchanga wa pwani. Huo unyweshwe mara kwa mara, kisha siku za kungoja kati ya maji na maji ziongezwe polepole. Tundu nalo lisibaki shinani. Mti unapokua, weka mawili, moja kila upande, na kuyasogeza nje, maana upepo ukisukuma, mizizi ya upande unakotoka ndiyo huvutwa kama kamba za hema.

Kesho yake baada ya kufungua maji, chimba kando kwa jembe, ushike udongo wa chini kwa mkono. Ukiwa bado vumbi, ongeza saa za kufungua maji, usiongeze siku za kumwagilia.