Kufuta Tathmini ya Mwaka Si Kuacha Kupima Kazi

Dhana: "Kampuni kubwa hazipimi tena wafanyakazi. Nasi tufute fomu."

Ukweli: Hoja hii inaletwa kila mara na mifano ileile. Ni kweli mwaka 2012 kampuni ya programu za kompyuta Adobe iliachana na tathmini ya mwisho wa mwaka, na 2013 Microsoft ikafuta upangaji wa lazima wa wafanyakazi kwa madaraja. Lakini utendaji bado unapimwa huko. Upangaji huo, uliovuma katika kampuni ya General Electric enzi za mkuu wake Jack Welch, uligawa watu asilimia 20 wa juu, 70 wa kati na 10 wa chini. Kwenye timu ya watu kumi lazima mmoja awe wa mwisho, hata kama wote wamefikia malengo. Basi watu wananyimana taarifa, kila mmoja akikwepa kuwa huyo wa mwisho.

Mfumo mpya, wa mazungumzo ya mara kwa mara badala ya fomu ya mwaka, unadai kazi zaidi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Fomu inafutwa Januari, hakiwekwi kitu mahali pake, na Desemba bonasi zinagawiwa kwa kumbukumbu na upendeleo. Huko si kuboresha, ni kuwaonea watu. Msimamizi akae na kila mtu wake dakika 20 hadi 30 kila wiki mbili: malengo yamefika wapi, nini kinakwamisha, ujuzi gani unapungua. Aandike mistari mitatu siku hiyohiyo. Kila robo mwaka ajibu maswali machache ya uamuzi, mfano wa yale ambayo kampuni ya ushauri ya Deloitte iliyaeleza 2015: ningempa nyongeza ya juu kabisa? Ningetaka abaki kwenye timu yangu? Kisha mameneja wa ngazi moja walinganishe majibu, kila mmoja na ushahidi wake. Mshahara uzungumzwe siku nyingine kabisa. Anayesubiri kutajiwa kiasi hasikii ushauri. Na msimamizi mwenye watu 20 hatayaweza haya. Mpunguzieni kwanza, wabaki wanane hivi.

Dhana: "Muuzaji bora ndiye meneja bora."

Ukweli: Ni kazi mbili tofauti. Mpeni kwanza mradi wa miezi mitatu wenye watu wawili watatu. Wekeni pia ngazi ya kitaalamu inayopandisha mshahara bila kuongoza mtu.

Dhana: "Vipaji viko nje."

Ukweli: Utafiti wa Matthew Bidwell katika benki ya uwekezaji Marekani, uliochapishwa 2011, ulionyesha walioajiriwa kutoka nje wakilipwa takriban asilimia 18 zaidi ya waliopandishwa vyeo ndani kwenye kazi zilezile, huku wakipata tathmini za chini miaka miwili ya mwanzo. Tangazeni nafasi ndani kwa wiki mbili kabla ya kwenda nje, na meneja asiruhusiwe kumzuia mtu wake kuomba.