Je, wajua kwa nini vifuko vya chai huzikwa katika bustani za elimu ya mazingira?

Katika bustani za jamii na hifadhi ndogo ambako wananchi hujifunza kuhusu udongo, lipo zoezi ambalo mgeni hulishangaa. Watu huchimba vishimo vya kina cha sentimita 8, hutia kifuko cha chai ya kijani katika kimoja na kifuko cha chai ya rooibos, itokayo Afrika Kusini, katika kingine, hufukia, huweka alama, kisha huenda zao. Baada ya siku 90 hivi hurudi, huvifukua, huvikausha na kuvipima kwenye mizani. Hawarutubishi ardhi, kwa kuwa gramu mbili za majani ya chai si mbolea ya kutajika. Wanachotafuta ni uzito uliopotea, ambao ndio alama ya kazi iliyofanywa na bakteria na kuvu chini ya ardhi.

Mbinu hii ilichapishwa na wanasayansi mwaka 2013. Chai ilichaguliwa kwa sababu vifuko vya kiwandani hufanana kwa uzito na kwa majani yaliyomo, hivyo watoto wa shule na watafiti walio mbali nao wanaweza kulinganisha vipimo vyao.

Washiriki wengi huwa na jibu kabla hawajafukua chochote: kifuko kikioza haraka, udongo ni mzima, kikikawia, udongo umekufa. Dhana hiyo inaeleweka, kwani ni kweli kwamba udongo usio na viumbe hai hauozeshi kitu. Hata hivyo, kasi peke yake haitoshi kuwa kipimo cha uzima. Jani linapooza, sehemu yake hurudi hewani kama kabonidioksidi kutokana na upumuaji wa viumbe wanaolila, na sehemu nyingine hubaki ardhini, ikishikamana na chembe za mfinyanzi na kuwa akiba ya mboji. Udongo wa dunia umehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo angani na katika mimea yote ikijumlishwa pamoja, na akiba hiyo ipo kwa sababu si kila kinachoanguka ardhini huoza hadi kikaisha.

Vinamasi vinalithibitisha hilo vizuri zaidi. Maji yanapotuama, oksijeni hupungua, kuoza huzorota, na mabaki ya mimea hurundikana kwa maelfu ya miaka. Katika vinamasi vya katikati ya Bonde la Kongo, watafiti walikadiria mwaka 2017 kwamba kuna takribani tani bilioni 30 za kaboni zilizojikusanya kwa njia hiyo. Anayezika kifuko mahali pa namna hiyo na kukikuta karibu kizima hana sababu ya kuusikitikia udongo wake, kwa sababu ameshuhudia ghala linavyofanya kazi. Kinyume chake, shamba linalopinduliwa kila mara hupata hewa nyingi, na linaweza kuozesha upesi huku mboji yake ikizidi kwisha. Kwa maoni yangu, hili ndilo somo kubwa la zoezi lote, na inasikitisha kwamba mara nyingi ndilo linalorukwa.

Swali linalobaki ni kwa nini zitumike chai mbili. Tuchukue moto uliowashwa kwa nyasi kavu na gogo gumu. Ukirudi baada ya muda, nyasi zimekwisha kuwaka, hivyo zinakuonyesha ni kiasi gani kiliweza kuungua na ni kiasi gani kilibaki. Gogo bado linaungua, kwa hiyo ukilitazama unaweza kukadiria moto unakwenda kwa kasi gani. Nyasi haziwezi tena kukueleza kasi, kwa kuwa mbio zao zimekwisha, na gogo haliwezi kukueleza kikomo, kwa kuwa halijakifikia. Chai ya kijani ina nitrojeni nyingi na huoza upesi, hivyo ikifika miezi mitatu sehemu yake laini imekwisha kuliwa. Rooibos, ambayo hutokana na kichaka cha Afrika Kusini kisicho na undugu na mchai, ina sehemu kubwa zaidi ya vitu vigumu kama lignini, nayo bado iko safarini.

Hesabu yenyewe haitishi. Kimaabara, asilimia 84 hivi ya chai ya kijani ni sehemu inayoweza kuoza kwa urahisi. Tuseme kifuko kimepoteza asilimia 60 tu: zile 24 zilizosalia zingeweza kuoza lakini udongo umezizuia. Uwiano wa hizo 24 kwa 84 ndio kipimo cha uwezo wa udongo kuhifadhi, na ukishapatikana hutumika pamoja na uzito wa rooibos kukokotoa kasi ya kuoza.

Kifuko kilichofukuliwa huwa kimebadilika rangi, na mara nyingine vijizizi vyembamba kama nyuzi vimejipenyeza kwenye wavu wake. Huchambuliwa kwa vidole, na udongo hupanguswa bila kuoshwa, kwa maana maji yangeondoa uzito ambao haukuliwa na kiumbe yeyote. Watoto hutarajia kukuta nyungunyungu ndani, lakini matundu ya vifuko vilivyotumiwa mwanzoni ni ya robo milimita, na nyungunyungu mkubwa hapiti hapo. Kwa hiyo zoezi halipimi kazi yake, ingawa ni kubwa.

Tahadhari zinahitajika pia. Hesabu huchukulia kwamba udongo huzizuia chai zote mbili kwa uwiano ule ule, jambo ambalo baadhi ya watafiti wamelitilia shaka. Joto na unyevu nao hubadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa, kiasi kwamba jozi iliyozikwa wakati wa mvua haifai kushindanishwa na iliyozikwa wakati wa kiangazi. Linganisho la haki katika bustani ni la jozi kadhaa zilizozikwa siku moja na kufukuliwa siku moja: chini ya matandazo, kwenye tuta lililo wazi, na kando ya njia iliyoshindiliwa na nyayo za wageni.