Kubatilisha akiba ya kurasa

Duka letu la kutoa kopi liko Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Lina kompyuta mbili za Linux zinazotumia folda moja kwa njia ya NFS, yaani mfumo wa kushirikiana mafaili kupitia mtandao. Juzi dada wa kaunta alipandisha bei kwenye faili akiwa kwenye mashine yake, akapaza sauti: "Kaka, nitolee tangazo jipya, hili la jana nalibandua." Nikachapa papo hapo. Likatoka na bei ya jana.

Faili lilikuwa limeshabadilika. Kilichochapwa ni nakala iliyobaki kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya mashine yangu, maana skripti ya kuchapa haikuwa imelifunga faili tangu jana ili ilifungue upya na kuuliza kama limebadilika. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haitupi ilichosoma. Inakiweka vipande vipande, kwa kawaida baiti 4096 kila kimoja. Kipande ndicho ukurasa; mkusanyiko wake ndio akiba ya kurasa. Andika free -h, utaiona ndani ya safu ya buff/cache (na usiogope ukubwa wake, RAM isiyotumika haina faida).

Kubatilisha ni kuutoa ukurasa kwenye akiba hiyo ili anayesoma baadaye arudi kwenye chanzo. Kusema ni rahisi. Kerneli lazima iufunge ukurasa kwa kufuli ili mwingine asiuguse, kisha ihakikishe bado ni wa faili lile lile, kwani wakati wa kungoja kufuli huenda mwingine ameshautoa. Iung'oe kwenye programu zilizoushika. Ingoje kama unaandikwa diskini. Ndipo iufute kwenye orodha.

Tena kuna ukali wa namna tatu. Kwa upole, ukurasa unaotumika au mchafu huachwa. Mchafu ni ule uliobadilishwa kwenye RAM lakini haujafika diskini, ndiyo maana tunawagombeza wanafunzi wanaochomoa fleshi kabla ya wakati. Kwa lazima, usipotoka kerneli hurudisha kosa. Faili likikatwa, yaani likifupishwa, ukurasa wa sehemu iliyokatwa hutupwa hata ukiwa mchafu, kwa sababu hauna tena pa kuandikwa.

Msimbo wa kerneli unaofanya kazi hii ulivurugika kuanzia hapo: kila namna na fanksheni yake (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina), hatua zikifanana nusu kwa nusu, na juu yake masharti ya kurasa kubwa zilizoundwa kwa kurasa ndogo: huu ni wa kichwa (wa kwanza) au wa mkia (unaofuata)? Kuurahisisha msimbo huo ni kuziandika hatua mara moja, anayeita achague ukali tu. Folio, alizozipigania Matthew Wilcox, mmoja wa watengenezaji wa kerneli ya Linux, na zikaingia Linux 5.16 Januari 2022, ziliondoa swali la kichwa na mkia: kurasa zinazopakana hushikwa kama kitu kimoja. Folio ya megabaiti 2 ina kurasa 512, na kufuli lake ni moja.

Kuhusu tangazo, faili likibaki wazi, NFS kwa kawaida huuliza seva (mashine inayohifadhi folda) kama limebadilika kila baada ya sekunde 3 hadi 60. Nilikunywa maji, nikachapa tena, bei mpya ikatoka. Dada alikuwa ameshabandika lile la kwanza mlangoni.