Kipimo kimeona nini? Maswali na majibu kuhusu VVU, kifua kikuu na magonjwa mengine ya kuambukiza

Watu wengi hutoka maabara wakiwa na karatasi ya majibu wasiyojua kuisoma. Mmoja anafurahi mapema mno, mwingine anakata tamaa bila sababu, wa tatu anaacha dawa zilizokuwa zikimwokoa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi mara kwa mara. Karibu yote yanajibika ukijua jambo moja: kipimo ulichofanyiwa kilikuwa kinatafuta nini hasa.

Nimefanya ngono bila kinga wiki iliyopita. Leo nimepima VVU, nimekutwa sina. Niyaamini majibu haya?

Amini kwamba kipimo hakikukuta kilichokuwa kinakitafuta. Usiamini bado kwamba hukuambukizwa.

Vipimo vingi vya haraka, vile vya kutoboa kidole, havitafuti kirusi chenyewe. Vinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza baada ya kirusi kuingia, na mwili hauzitengenezi kwa siku moja. Muda huo wa katikati ndio unaoitwa kipindi cha dirisha. Kwa kipimo cha haraka cha kingamwili, dirisha huwa kati ya siku 23 na 90. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa, kinachotafuta kingamwili pamoja na protini ya kirusi iitwayo p24, huweza kuona kati ya siku ya 18 na ya 45. Kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi huona mapema zaidi, kati ya siku ya 10 na ya 33. Hakuna kinachoona tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo rudi upime tena dirisha likishapita, na kwa muda huo tumia kondomu kila mara. Wiki za mwanzo ndizo virusi huwa vingi mno katika damu, hivyo mtu aliyekutwa hana anaweza kuwaambukiza wengine kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote.

Na kama tukio ni la jana au juzi, acha kusubiri dirisha. Nenda kituo cha afya leo hii ukaombe PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari. Zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28.

Kwa nini walinipima mara tatu? Walikuwa hawaamini mashine zao?

Hapana, walikuwa wanafanya hesabu, na hesabu yenyewe inafaa kueleweka. Tuseme kipimo kinakosea mara moja tu katika kila watu 100. Wapime watu 10,000, ambao kati yao 100 wana VVU. Kipimo kitawakuta 99 kati ya hao 100. Lakini wapo 9,900 wasio na VVU, na kosa la mmoja katika 100 litawaangukia 99 miongoni mwao. Unabaki na watu 198 walioambiwa wana maambukizi, na nusu yao hawana!

Kadiri wenye maambukizi ambao hawajajulikana wanavyopungua kati ya wanaopimwa, ndivyo sehemu ya makosa inavyokua hata kama kipimo ni kilekile. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu asiambiwe ana VVU mpaka vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vikubaliane. Ukijipima mwenyewe nyumbani na kuona mistari miwili, hiyo ni hatua ya kwanza kati ya hizo. Nenda kituoni wakamalizie.

Mama ana VVU. Mtoto amepimwa kwa kipimo cha haraka, ameonekana anavyo. Ameambukizwa?

Haijulikani bado, kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake na zinaweza kubaki katika damu yake hadi miezi 18. Kipimo cha haraka kinaziona hizo za mama. Mtoto anahitaji PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na cha kwanza hufanywa anapofikisha wiki 4 hadi 6.

Tafadhali msiahirishe. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto walioanza dawa mara baada ya kugunduliwa na wale waliosubiri hadi dalili au kushuka kwa kinga. Kuanza mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Baada ya hapo hapakuwa na sababu tena ya kumsubirisha mtoto mchanga.

Nameza ARV. Nimejipima kwa kipimo cha haraka na kimeonyesha sina VVU. Nimepona?

Hapana, na tafadhali usiache dawa. Dawa zinapovifubaza virusi kwa muda mrefu, hasa kwa aliyeanza mapema sana, kingamwili zinaweza kupungua hadi kipimo kisizione. Kirusi bado kipo. Kimejificha ndani ya seli chache za kinga zilizolala, kikiwa kimejipachika kwenye vinasaba vyake, mahali ambapo ARV hazikifikii kwa kuwa dawa hizi hukizuia kirusi kinapozaliana. Ukiacha dawa, kwa watu walio wengi hurudi ndani ya wiki chache.

Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu kuna wanaouza tiba za VVU kwa kuonyesha karatasi kama hiyo: mgonjwa alikuwa navyo, sasa hana. Karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa na madai yakawa ya uongo. Utafiti mkubwa ulioitwa SMART ulijaribu kuwapa watu mapumziko ya dawa yaliyopangwa na kusimamiwa na madaktari, kwa zaidi ya watu 5,400. Ulisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu waliopumzika waliugua na kufa zaidi ya walioendelea. Ikiwa mapumziko chini ya uangalizi wa karibu namna hiyo yaliua, ya kujipangia mwenyewe ni hatari zaidi.

Basi nikiwa kwenye dawa, kipimo changu ni kipi?

Ni cha wingi wa virusi, kinachohesabu nakala za kirusi katika kila mililita ya damu. Lengo ni virusi kutoonekana, yaani viwe vichache kiasi kwamba mashine haivioni. CD4, ile hesabu ya seli za kinga, bado ina kazi, hasa kwa anayeanza dawa akiwa amedhoofika, ila haikuelezi kama dawa zinafanya kazi vizuri kama wingi wa virusi unavyoeleza.

Mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Utafiti wa PARTNER uliwafuatilia wenza barani Ulaya ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalihusu ngono bila kondomu takriban mara 58,000, na hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza aliye kwenye dawa. Wachache walioambukizwa walipata virusi ambavyo vinasaba vyake vilionyesha vimetoka kwa mtu mwingine. Awamu ya pili, ya mwaka 2019, ilifikia jibu hilohilo. Kwa kunyonyesha, hatari hupungua sana lakini haifiki sifuri, hivyo mama azungumze na mhudumu wake.

Kwa nini dawa tatu, wakati ugonjwa ni mmoja?

Jibu lilianzia kwenye kifua kikuu. Streptomycin ilipopatikana miaka ya 1940, wagonjwa waliokuwa wakisubiri kufa waliinuka vitandani. Jaribio maarufu la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948 lilithibitisha kwamba dawa inasaidia, na hapohapo likafichua tatizo: baada ya miezi kadhaa bakteria wa wagonjwa wengi hawakuisikia tena. Walipochanganya dawa mbili na baadaye tatu, usugu ulizuilika.

Miaka ya 1980 somo hilo lilirudi kwa gharama kubwa. AZT, dawa ya kwanza ya VVU, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na ikitumika peke yake nguvu zake hazikudumu. VVU huzaliana kwa kasi na kwa makosa mengi ya kunakili, na kosa moja likibahatika kukipa kirusi kinga dhidi ya dawa, kizazi chake hutawala. Kirusi kimoja kupata kwa pamoja mabadiliko ya kukwepa dawa tatu ni jambo gumu mno. Mwaka 1996 matokeo ya mchanganyiko wa dawa tatu yalipotangazwa, vifo vilianza kushuka kwa kasi katika nchi zilizomudu dawa hizo. Kwingineko watu walisubiri miaka mingi, na wengi walikufa wakati tiba ilikwisha kujulikana.

Leo dawa hizo tatu huwekwa katika kidonge kimoja kwa siku, mara nyingi chenye dolutegravir. Ukiruka dozi, dawa hushuka mwilini kwa viwango tofauti, na kirusi kinaweza kujikuta kinapambana na moja tu iliyosalia. Unarudi mwaka 1987.

Nilitibiwa nikapona. Mbona kipimo bado kinaonyesha ugonjwa?

Kwa sababu kipimo kinaona alama ya ugonjwa, na alama inaweza kudumu kuliko ugonjwa wenyewe. Kipimo cha haraka cha malaria huonyesha protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo ukirudia kukitumia baada ya dozi utajitisha bure. Daktari akitaka uhakika ataangalia damu kwa darubini. Kipimo cha haraka cha kaswende huweza kubaki chanya maisha yote hata kwa aliyepona kabisa. Homa ya ini aina ya C sasa hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa zaidi ya watu 95 katika 100, lakini kingamwili zake hubaki, na ni kipimo cha vinasaba kinachoonyesha kama kirusi kingalipo.

GeneXpert, mashine ya kupima makohozi iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu la kifua kikuu kwa takriban saa mbili pamoja na kueleza kama bakteria ni sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya kifua kikuu. Ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye VVU, ambaye makohozi yake mara nyingi yana bakteria wachache wasioonekana kwa darubini. Ila mashine hiyo husoma vinasaba vya bakteria hai na waliokufa bila kutofautisha, kwa hiyo haifai kupima maendeleo ya aliye katikati ya dozi. Huyo hufuatiliwa kwa darubini au kwa kuotesha makohozi.

Tiba ya kukiondoa kirusi kabisa, au chanjo, vimefikia wapi?

Wapo watu wachache waliopona. Wa kwanza alikuwa Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kutibu saratani ya damu. Aliyemtolea alikuwa na badiliko adimu la vinasaba linalokinyima VVU mlango wa kuingilia kwenye seli. Lakini upandikizaji huo unaweza kuua, hivyo hufanywa kwa mwenye saratani tu.

Chanjo imekuwa safari ngumu, na majaribio makubwa ya karibuni yalisimamishwa kwa kutokinga. Habari njema imetoka upande mwingine. Mwaka 2024, katika utafiti wa PURPOSE 1 nchini Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walipewa lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambukizwa VVU. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama njia ya kujikinga. Si chanjo, kwa maana kinga huisha dawa ikiisha mwilini, lakini kwa msichana asiyeweza kuweka vidonge vya kujikinga mahali vikaonekana, ni nafasi ambayo hakuwa nayo.

Nimeombwa kushiriki utafiti. Nikubali?

Uamuzi ni wako, na hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha. Uliza nini kinajaribiwa, nini kinajulikana kuhusu madhara yake, wasiopewa dawa mpya watapewa nini, nani atakutibu ukidhurika, na kama utaendelea kupata dawa utafiti ukiisha. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kama hukuelewa fomu ya ridhaa, usiitie sahihi mpaka waieleze kwa lugha unayoielewa.

Ukishiriki majaribio ya chanjo ya VVU, uliza jambo moja zaidi. Baadhi ya chanjo hizo huufanya mwili utengeneze kingamwili ambazo kipimo cha kawaida huzisoma kama maambukizi, wakati mwingine kwa miaka. Omba barua au kadi ya ushiriki na uitunze. Popote utakapopimwa, kabla ya kutoboa kidole, ionyeshe na uombe kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.