Maana ya faida ya kasino, na namna inavyosaidia kuitambua kasino ya mtandaoni ya kuaminika

Faida ya kasino ni ile sehemu ya kila dau ambayo, kwa hesabu ya muda mrefu, hubaki kwa mwenye mchezo, bila kujali nani amekula leo na nani ameliwa jana. Imo ndani ya kanuni za mchezo wenyewe, nayo hupatikana hata pale ambapo kila kitu kinaendeshwa kwa haki. Naanza na neno hili kwa sababu wengi wanaoulizia kasino ya kuaminika kwa kweli wanaulizia mahali pa kushinda, na hayo ni maswali mawili tofauti. Kasino ya kuaminika nayo itazila fedha za wachezaji wake. Uaminifu wake ni kuzila kwa kiwango ilichokitangaza, na kumlipa aliyeshinda bila kumzungusha.

Mfano ulio wazi zaidi ni ruleti, mchezo wa kubahatisha mpira utatua kwenye chumba kipi cha gurudumu linalozunguka. Gurudumu la Ulaya lina vyumba 37, yaani namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri moja. Aliyeweka dau kwenye namba moja na mpira ukatua hapo hulipwa mara 35 ya dau lake na kurudishiwa dau lenyewe, kana kwamba vyumba vingekuwa 36 tu. Chumba hicho kimoja kilichozidi ndicho faida yote ya kasino: 1 katika 37, sawa na asilimia 2.70. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, kwa hiyo vyumba ni 38, lakini malipo ni yale yale, na faida hupanda hadi asilimia 5.26. Kwenye skrini ndogo ya simu ni rahisi sana kutoiona sifuri ya pili, na asiyeiona anacheza mchezo uleule kwa gharama ya karibu mara mbili.

Katika michezo ya sloti, ile ya kubonyeza kitufe na kusubiri picha zijipange, hesabu hiyo huandikwa kinyume chake, kama kiwango cha marejesho. Sloti iliyoandikwa asilimia 96 ina faida ya asilimia 4 kwa kasino. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la gharama. Mchezaji huona 96, akadhani kwamba akiingia na 200 atatoka na karibu 192. Kiwango hicho hakihesabiwi kwa fedha alizoingia nazo. Huhesabiwa kwa jumla ya madau yote anayoyaweka, na kila anachokula hurudi tena mezani kuwa dau. Anayebonyeza mara moja kila baada ya sekunde 6, kwa dau la 10, hubonyeza mara 600 kwa saa moja na kuzungusha 6,000. Asilimia 4 ya 6,000 ni 240, yaani zaidi ya fedha zote alizoingia nazo. Kasi ya mchezo, ambayo haitajwi popote kwenye matangazo, ina uzito sawa na asilimia yenyewe.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofichua bonasi. Tuseme mchezaji amepewa bonasi ya 100 kwa sharti la kuizungusha mara 35 kabla ya kutoa chochote. Atatakiwa kuweka madau ya jumla ya 3,500, na kwenye sloti ya asilimia 96 matarajio ni kuliwa 140 kabla sharti halijatimia. Zawadi ya 100 imegeuka deni la 40. Mara nyingi michezo yenye faida ndogo kwa kasino, kama blackjack ya karata, huhesabiwa kwa sehemu ndogo tu ya sharti hilo au haihesabiwi kabisa. Bonasi kubwa kwenye ukurasa wa mbele, kwa maoni yangu, si dalili ya ukarimu hata kidogo, na ni vyema kusoma masharti yake kabla ya kuikubali.

Je, mtu atajuaje kwamba asilimia iliyotangazwa ndiyo inayotumika? Mfululizo wa kuliwa si ushahidi. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti ulitua kwenye vyumba vya rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza fedha nyingi kwa kuamini kwamba nyekundu lazima ingefuata. Gurudumu halina kumbukumbu, na programu ya kuzalisha namba za nasibu inayoendesha michezo ya mtandaoni haitakiwi kuwa nayo. Kwa kuwa jicho la mchezaji haliwezi kuipima, kazi hiyo hufanywa na maabara zisizo chini ya kasino, kama vile eCOGRA, GLI na iTech Labs. Hata hivyo, sloti moja inaweza kutolewa na mtengenezaji wake katika matoleo kadhaa yenye marejesho tofauti, kwa hiyo asilimia ya kuangalia ni ile iliyo kwenye ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo, pale pale unapochezwa.

Leseni nayo huhakikiwa kwa msimamizi aliyeitoa. Nembo iliyo chini ya ukurasa inaweza kunakiliwa na yeyote. Wasimamizi kama Malta Gaming Authority na Gambling Commission ya Uingereza wana rejista zilizo wazi kwa umma, na kinacholinganishwa ni mambo mawili: jina la kampuni na anwani ya tovuti, herufi kwa herufi. Leseni ya nchi moja, tena, haihalalishi mchezo katika nchi nyingine ambako sheria inaukataza.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni mlango wa kutokea. Kasino ya kitapeli hupokea fedha kwa dakika moja bila kuuliza lolote, kisha hudai vitambulisho, picha na uthibitisho wa makazi siku mchezaji anapoomba kutoa, na kila waraka unapofika hudaiwa mwingine. Kasino inayofuata utaratibu huhakiki utambulisho mapema, huandika muda na kiwango cha juu cha kutoa fedha kwa lugha inayoeleweka, na humruhusu mchezaji kujiwekea ukomo wa kuweka fedha au kujifungia akaunti mwenyewe. Anayetaka kujua zaidi ya maandishi hayo aombe kutoa kiasi kidogo mapema, kabla ya kuongeza fedha yoyote, na aangalie kama kitafika kwa muda ulioandikwa.