Gesi ya AC haiishi kama petroli

"Fundi, gesi imeisha, niongezee kidogo." Wiki hii nimeisikia mara nne. Wa mwisho ni kaka mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, kaja na Toyota IST yake na makopo mawili matupu kwenye kiti cha nyuma. La kwanza alijijazia nyumbani, AC ikapoza wiki mbili. La pili, siku tano. La tatu alitaka nimjazie mimi.

Jamani, gesi ya AC hailiwi. Haiungui, wala haina "sevisi ya kila mwaka". Inazunguka humohumo: kompresa inaisukuma, kondensa inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, evapareta inaigeuza mvuke huku ikifyonza joto la ndani ya gari, halafu inarudi ilikotoka. Ni kweli kiasi kidogo hupenya kwenye mipira na oringi (pete za kuzibia maungio) kwa miaka. Lakini AC iliyopoza vizuri mwezi uliopita na leo inapuliza joto, ina tundu. Tairi likiwa na pancha, hulijazi upepo kila asubuhi ukasema gari lako linakula upepo.

Tundu la yule kaka lilionekana kwa macho: doa la oili lililoshika vumbi chini ya kondensa. Gesi ikitoka hubeba oili ya kompresa. Kwa hiyo kila kopo lilirudisha gesi, oili ikazidi kupungua, na kompresa bei yake mnaijua.

"Lakini kopo lina geji, na mshale ulifika kwenye kijani." Geji hiyo ndiyo inayonizeesha. Inasoma upande wa presha ndogo peke yake. Injini ikiwa imezimwa, R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, kwenye joto la nyuzi 30 itaonyesha karibu psi 97, iwe ndani mna gramu 200 au 500, ilimradi kimiminika bado kipo. Ukiwasha, mshale unafuata joto la nje na mzunguko wa injini. Kinachopimwa ni uzito. Fungua boneti usome stika: aina ya gesi imeandikwa, na gramu zake. Ndiyo maana tunanyonya iliyobaki, tunaziba tundu, tunavuta vakyumu nusu saa au zaidi hewa na unyevu vitoke, tunatazama kama mshale wa geji unatulia, kisha tunajaza kwa mizani. Unyevu ukibaki hutengeneza asidi humo ndani. Na ukizidisha gesi, presha kubwa inapanda na ubaridi unapungua, mtu anadhani bado haijatosha, anaongeza tena!

Makopo yenye dawa ya kuziba yaacheni dukani. Dawa ile huganda ndani ya mfumo, na ndani ya mashine yangu ya kunyonyea gesi pia.

"Kwenye foleni ya Buzuruga inapuliza joto, nikikimbia inapoza, basi gesi ni ndogo." Anza na feni, halafu kondensa. Wale wadudu wa ziwani wakitanda kama moshi, ukapita usiku kandokando ya maji, asubuhi kondensa imevaa koti. Ioshe kwa maji ya bomba. Mashine ya presha ya kuoshea magari italaza mapezi yake, vile vibati vyembamba.

"Gesi ya jikoni ni ileile." Inapoza, sikatai. Ila inawaka, na evapareta iko nyuma ya dashibodi. Ikivuja, umefunga vioo ukakaa nayo.

"Ukiiachia hewani haina neno." Kilo moja ya R-134a, kwa miaka 100, huipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi. Mwaka 2016 mataifa yalikutana hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Na ikikurukia jichoni, inagandisha.

Halafu kuna wanaoitunza AC kwa kutoiwasha. Mimi nasema washa dakika kumi kila wiki, hata Juni asubuhi kukiwa na baridi, hata kama unaogopa mafuta. Sili ya shafti ya kompresa hulainishwa na oili inayozunguka pamoja na gesi. Ukiiacha miezi inakauka, inaanza kuvuja, na utakuja kuniambia gesi imeisha.